Kwa Baba Yetu Melchior Muyisa, Aliyewavuta Wauaji Mbali na Watu Wake

Mwaka umetimia, Baba, tangu mikono ya watu ilipokutoa kwetu kule Kitemule, karibu na miti ya kakao uliyoipanda mwenyewe. Mwaka mzima tumewasikia watu wakisimulia kifo chako, sokoni, kanisani, hata juu ya pikipiki. Wengine wanaongeza chumvi, wengine wanaacha nusu njiani. Leo sisi watoto wako, Nadège, Josaphat na Ornella, tunazungumza nawe wasikie wote, tuyaseme yalivyokuwa. Mama ametupa ruhusa tuseme hata yale yanayomgusa yeye, hata yasiyompamba. Alituambia kwa Kiswahili chetu cha Kongo, chenye Kifaransa ndani yake, "Museme yote. Baba yenu hakupendaka uongo ya ku kilio."

Jina la waliokuua hatutaliandika. Hii ni kumbukumbu yako, siyo yao.

Ulizaliwa Lubero, kwenye baridi, mtoto wa wakulima wa viazi. Ulishuka Beni ukiwa kijana pamoja na mdogo wako Gérard, kwa sababu shamba la babu lilikuwa limegawanywa mpaka limebaki kama mkeka. Mliishika ardhi ya Kitemule, ng'ambo ya Mavivi, wakati bado ni msitu. Mama alitoka Butembo, binti wa muuza vitambaa, aliyezoea duka na taa. Siku alipoliona tope la Kitemule mara ya kwanza alikaa juu ya sanduku lake akalia. Hukumwambia anyamaze. Ulikwenda ukaanza kumjengea jiko, na kila alipoinua macho alikuona unachimba shimo la nguzo nyingine, mpaka akaona haya kulia peke yake mbele ya mtu anayefanya kazi. Aliinuka akakushikia kamba.

Hukuweza kumpita mtu aliyebeba mzigo. Ulimpokea, ukamsindikiza mpaka kwake, ukasahau ulikokuwa unakwenda. Mama alikungoja na bugali iliyopoa, na ulipofika ulisema sombe, mboga ya majani ya muhogo, hata ikiwa baridi ina ladha yake. Uliimba vibaya, Baba, tukubali. Wanakwaya walikuomba usimame nyuma, ukasimama nyuma na ukaimba kwa nguvu zaidi. Ulikuwa katekista usiyejua fimbo. Mtoto aliyesahau sala ulimwambia aketi karibu nawe, asali polepole na wewe, mpaka imrudie.

Tuliishi hivyo miaka mingi, na tulidhani ndivyo dunia ilivyo.

Kisha wakaja. Ilikuwa saa ya kupika, moshi umesimama juu ya kila jiko. Wewe ulikuwa umekwenda Mavivi kutengenezesha baiskeli. Mama alitusukuma sisi kwenye migomba, na mama mdogo Eliane, mke wa Gérard, akakimbia na watoto wake. Baba mdogo Gérard alirudi kumchukua mama mzee wa jirani, aliyekuwa hana miguu ya kukimbia. Hatukumwona tena akiwa hai.

Asubuhi uliingia kijijini nyuma ya wanajeshi. Ulimkuta mdogo wako karibu na jiko la yule mama mzee, na yule mama hatua chache mbele yake. Ulimbeba Gérard mgongoni mpaka barabarani, ukakataa kusaidiwa. Ulirudi ukambeba na mwingine, na mwingine. Mtu yeyote akiwa mzigo wako, hata akiwa amekufa, ulimfikisha.

Tulikimbilia Beni mjini, tukapewa vyumba viwili katika uwanja mmoja, sisi na Eliane na watoto wake. Siku za kwanza Mama alikuwa anakuosha mikono kama mtoto. Siku moja, wakati anakuosha, alishindwa kujizuia akakuuliza, "Baba Nadège, Mungu alikuwa wapi?"

Ulimtazama kama mtu anayerudi kutoka mbali. "Sijue," ulimjibu. "Mais najua mahali penye hakukuwa. Hakukuwa mu mukono ya ule mwenye alishika panga. Ile mukono ilikuwa ya mutu. Iko na bidole sawa yangu, inajua kulima, inajua kubeba mutoto. Njo kintu inaniogopesha, Anne-Marie. Kama wangekuwa nyama ya pori, ningelala."

Mama anasema hakuelewa siku ile. Alielewa baadaye, na mwanzo wa kuelewa kwake ulimwumiza.

Kilio cha Gérard hakikuwa kimekwisha wakati vijana wa mtaa walipomkamata mtu karibu na maegesho ya malori. Alikuwa mgeni, buti zake zina tope, Kiswahili chake siyo cha kwetu. Ndani ya mfuko wake walikuta tasbihi ya Waislamu, na wauaji walisemekana kuua kwa jina la dini hiyo. Hiyo ikatosha. Walimburuta mpaka njia panda ya karibu na nyumba tulimokaa, na mmoja akaenda kutafuta tairi la kumchomea. Kiongozi wao alikuwa Ésaïe, dereva wa pikipiki, jirani yetu, kijana ambaye Gérard alimsaidia kupata chumba chake cha kwanza hapa mjini. Alikuwa analia huku anatoa amri. Watu wote walikuwa wanalia, Baba, unakumbuka. Hata wale waliokuwa wanampiga.

Ésaïe akasema hakuna atakayeanza kabla ya wenye msiba. Akaja kukuita. Ulitoka ukiwa umevaa shati la kilio, na Mama nyuma yako. Akakuwekea jiwe mkononi, jiwe la kujengea, zito.

"Papa Melchior," alisema, "mwenyewe njo muko na haki ya kuanza."

Ulilipokea. Mama alikuwa karibu kiasi cha kuona mishipa ya mkono wako ikisimama. Ameturuhusu tuandike kwamba wakati ule alitaka ulirushe. Alitaka kwa moyo wote, ingawa alijua sala zake zote. Hapo ndipo alipoelewa ulichomwambia juu ya vidole.

Ulikaa na lile jiwe muda ambao kila mtu aliuona mrefu. Kisha ukamwuliza yule mtu aliyekuwa chini, "Unaitwa nani?"

"Ramazani."

"Ulitoka wapi?"

"Kindu. Natafuta kazi ya kubeba magunia ku badepo ya kakao."

Uliliweka jiwe chini mbele yake, ukalikalia. Ulikaa kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari, mikono juu ya magoti. "Nimechoka," ulisema. "Nimebeba maiti ya ndugu yangu. Kama munataka kuua huyu, muanzie kwangu, siwezi tena kuinuka."

"Papa, munalinda muuaji?" Ésaïe alikuuliza.

"Weye ulimuona akiua?"

"Hapana. Mais angalia buti yake, angalia—"

"Hata yangu iko na tope. Nilitoka kuzika. Kama huyu ni muuaji, kuko tribunal. Kama haiko muuaji, donc leo bauaji ni siye, na kilio ya Gérard itakuwa ya bure."

Mtu mmoja nyuma alirusha. Mpaka leo hatujui ni nani, na wewe hukutaka kujua. Jiwe lilikuvunja mfupa wa bega. Ulijikunja, lakini hukuondoka pale, na Mama, ambaye dakika chache kabla alikuwa anataka damu, alijikuta amekuja kusimama mbele yako, mikono ameipanua, bila kujua miguu yake ilimfikishaje. Mbele ya mwanamke mwenye msiba hakuna aliyerusha tena. Polisi walifika, wakamchukua Ramazani akiwa hai. Baadaye tulijua kwamba maneno yake yalikuwa kweli, kwamba alikuwa amefika Beni kwa lori la mchana ule ule. Lakini ulipokaa juu ya lile jiwe hukujua hilo. Hilo ndilo tunalotaka watu wasikie. Hukumlinda kwa sababu ulijua ni mwema.

Nyumbani hakuna aliyekusifu. Eliane alikungoja mlangoni, na wewe mkono umefungwa kitambaa shingoni. "Shemeji," alisema, "damu ya Gérard haijakauka, na weye umekaa chini ju ya kulinda mutu ya namna ile."

"Eliane, Gérard nilimubeba mugongoni akiwa mutoto. Juzi nilimubeba tena. Sitaki babebeshe yeye kifo ya mutu mwingine."

Alikugeuzia mgongo. Kwa miezi mingi hakukuita shemeji. Sahani yako aliipitisha kwa mkono wa Ornella, na ukiingia uwanjani yeye aliingia ndani. Mama naye, baada ya ujasiri ule wa njia panda, alikasirika. Alilala akiutazama ukuta. Alikukasirikia kwa kuhatarisha maisha yako kwa ajili ya mgeni, na alikukasirikia zaidi kwa kumwonyesha kilichokuwa ndani yake. Sokoni walituita watu wa msaliti. Hukubishana na mtu. Kila Jumapili baada ya Misa ulitafuta kuni, ukaziweka kwenye mlango wa Eliane kwa mkono mmoja, ukaenda zako. Yeye alizichukua ulipokwisha kuondoka.

Ulianza kufundisha tena, chini ya hema la wakimbizi. Siku moja msichana mdogo aliyempoteza mama yake Kitemule alikuuliza, mbele ya wote, "Katekista, sababu gani Mungu hakushika mukono ya ule mutu?"

Ungeweza kumpa jibu la katekisimu. Ulivua kofia, ukaketi chini ili macho yenu yawe sawa. "Mimi pia nilimuuliza," ulimwambia. "Ningependa amufunge kamba. Mais naona Mungu hafungaki mutu kamba. Anamusemesha. Mbele mutu ainue panga, kuko sauti inamuambia, acha. Ule mutu aliisikia, akaiziba. Hata mimi niliisikia siku moja, na ilibaki kidogo niizibe. Donc kila siku tunajifunza kuisikia. Ju ya ile njo tunakuja hapa, hapana ju ya kukariri tu."

Wakati ule redioni wakubwa walikuwa wanabishana kama yanayotupata yaitwe mauaji ya kimbari au jina lingine. Josaphat alikasirika akaizima. Wewe ukamwambia, "Acha baseme. Jina ni muhimu, siku moja itahitajika mbele ya juge. Mais bakubali, bakatae, siye tunajua kintu tulizika." Kisha ukauliza kama mama wa hema la pembeni alikuwa amepata chakula.

Chakula hakikuwapo, na ndicho kilichotupeleka kwenye siku yako.

Kakao ilikuwa imeiva, inaozea juu ya miti, na watoto wanalala njaa. Wanawake wakakata shauri warudi mashambani mchana, kwa kundi, wavune upesi na watoke kabla ya jioni. Eliane alikuwa kati yao. Ulipopata habari ulitafuta panga lako la kuvunia.

"Bega yako haijapona," Mama alikuambia.

"Sitembeake na bega."

"Baba Nadège, hapana kuenda. Eliane hata hakusemeshake."

"Haiko ju ya anisemeshe. Kule kuko shimo mingi, na bashamba zimegeuka pori. Mimi najua njia." Ulimgusa shavu, jambo ambalo hukulifanya mara nyingi mbele yetu. "Utaniwekea sombe."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwako. Kwenye kizuizi askari mmoja alisema, "Papa, zonga," yaani rudi, na ukamjibu kwa upole kwamba utarudi jioni.

Yaliyofuata tunayajua kwa mdomo wa Eliane, na kwa mdomo wa Léa, ambaye siku ile alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mlivuna mpaka jua likasimama kichwani. Wanawake walikuwa wanapasua matunda karibu na lile handaki la zamani ulilolichimba ili maji ya mvua yasibebe udongo. Risasi moja ikalia upande wa daraja, karibu. Uliwasukuma wote ndani ya handaki, ukawafunika kwa majani ya migomba na maganda ya kakao. Ulifanya haraka, kwa mkono mmoja, bila kelele. Palibaki nafasi. Eliane anaapa palibaki nafasi ya mtu mmoja. Alikunyooshea mkono.

Wewe uliangalia majani yaliyokatwa ovyo, na nyayo zote zile zinazoelekea handakini. Mtu yeyote akifika angefuata nyayo. Ulimtazama Eliane, ukatikisa kichwa. Kisha ukaenda kuwakuta.

Ulitembea wazi, mikono juu, ukawafikia kwenye njia kabla wao hawajafika penye handaki. Walikuangusha, wakakufunga. Walikuuliza wenzako wako wapi.

"Bamekimbia ku muto," uliwaambia. "Nitawaonyesha. Mais muniache nisali kwanza, mimi ni mutu ya sala."

Mmoja alicheka. Mkubwa wao akasema wakuache, pengine ili apate cha kuchekesha wengine. Ulipiga magoti, ukasali kwa sauti kubwa, kwa Kinande, lugha ambayo wao hawakuielewa. Eliane ameyashika maneno yako yote, na leo tunayaandika kwa Kiswahili ili hata wasio Wanande wayajue.

Ulisema, ukimwita Mungu kwa jina letu la Kinande: "Ee Nyamuhanga, uwashike dada zangu chini, asiinuke hata mmoja. Uwashike mpaka jua litakapofika nyuma ya mti mkubwa. Usiwapitishe darajani, kwa maana hawa wametoka huko. Uwapitishe njia ya juu, ile ya chemchemi. Umkumbushe Léa amnyonyeshe mtoto asilie. Ee Nyamuhanga, umfariji Anne-Marie wangu, na watoto wangu usiwaache wawe watu wa kisasi. Na Eliane ajue kwamba moyoni mwangu sina neno naye, sikuwa nalo hata siku moja. Hawa walionifunga, mimi sijui la kuwaombea. Wewe utajua. Amina."

Na wao wakasema, "Amina," kwa kukudhihaki.

Uliinuka ukawaongoza kuelekea mtoni, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Njiani uliendelea kusema nao, ukiuliza maswali, ukijikwaa, ukiwachelewesha, na kwa sauti yako wanawake walijua mko umbali gani. Sauti ikapungua. Ikawa ndogo. Léa alikuwa amemweka mtoto kwenye titi. Walikaa chini mpaka jua lilipofika nyuma ya mti, wakapita njia ya chemchemi, na wakafika barabarani wote. Wote, Baba. Hakuna aliyepungua.

Waliyokufanyia mtoni hatutayaandika. Mungu aliona, na anayo.

Jioni ile Mama alikuwa mlangoni. Aliwaona wanawake wanakuja, akakutafuta kwa macho nyuma yao. Eliane alitangulia, akapiga magoti kwenye vumbi mbele yake.

"Mama Nadège," alisema, "hakukimbia. Fasi ilikuwa. Alikuwa na fasi ya kuingia, akaniangalia, akaenda."

Mama hakulia. Alimwinua Eliane, akamfuta magoti, akamwingiza ndani, akampa sombe aliyokuwekea wewe. Walikula wawili, kwa sababu aliyetoka porini ana njaa, na ndivyo ungefanya.

Vijana wa mtaa walikwenda na wanajeshi kukuchukua. Ésaïe alikuwa wa kwanza kujitolea, na njia yote ya kurudi hakukubali mtu ampokee machela. Siku ya mazishi, watu wakiwa wamejaa uwanjani, aliingia mtu mwenye sikio lililopasuka, amevaa shati safi. Alikuwa Ramazani.

"Mimi ni Muislamu," alisema, "nyimbo zenu sizijue. Mais nina mikono. Munipe kazi."

Kisha Ésaïe akainuka, akampa kiti chake, na baadaye akaenda naye kaburini na majembe mawili. Walichimba pamoja mpaka mwisho. Ésaïe alikuja kwa Mama baada ya arobaini, akalia, akaomba msamaha kwa siku ile ya njia panda. Mama akamwambia, "Mimi pia nilikuwa pale, Ésaïe. Nilijua penye moyo yangu ilikuwa. Tusaidiane isirudie." Tangu hapo, kila inaposikika kelele ya kumkamata mtu mtaani, Ésaïe huwasha pikipiki na kuwahi. Mara mbili ametukanwa. Mara moja amepigwa. Bado anawahi.

Usidhani, Baba, kwamba tumekuwa watakatifu. Josaphat alitaka kwenda kuchukua bunduki, na alikuwa ameshafunga mfuko. Eliane alikaa juu ya mfuko ule akamsomea sala yako, mara moja, taratibu, mpaka pale uliposema usiwaache wawe watu wa kisasi. Josaphat alilia kama mtoto, akafungua mfuko. Ana hasira mpaka leo, na anafanya kazi na hasira yake: anaandamana na wanaodai haki, anatoa ushahidi kwa kila anayeuliza, anakataa kunyamaza. Tunaamini hukuomba tunyamaze. Uliomba tusifanane nao.

Na Mama, akisali Baba Yetu, hufika kwenye neno la kuwasamehe waliotukosea, sauti inakatika. Alimwambia padri, akitegemea kukemewa. Padri, ambaye naye amezika wengi, alimjibu kwamba hata wewe uliwaacha wauaji mikononi mwa Mungu pale ulipokosa la kuwaombea, na yeye afanye hivyo hivyo. Basi Mama hunyamaza kwenye neno lile, na sisi tunalisema kwa niaba yake, hata kama na sisi hatulisemi vizuri. Lakini hainuki. Anabaki kwenye magoti mpaka Amina.

Miezi hii tulizungumza juu ya Misa yako ya mwaka. Nadège, ambaye anafundisha Butembo, alitaka ifanyike huko.

"Mama, Butembo kuko usalama," alisema. "Ndugu wa Lubero watashuka bila shida. Kitemule ni barabara ya hatari."

"Baba yako hakufundishaka Butembo."

"Mama, hata padri anaogopa."

"Aogope. Mimi pia naogopa. Mutu anaweza kuogopa na kutembea." Alikuwa anachagua maharage, na hakuinua kichwa. "Balifukuza siye kule ju tusahau kwamba kulikuwa batu. Siku moja tu, tutaenda kusema majina yao kwa sauti, mu chapelle yao. Mwenye hawezi, abaki, sitamulaumu."

Ornella akauliza nani ataongoza sala kabla padri hajafika, kwa kuwa wewe, katekista wa kule, hupo.

"Mimi," Eliane alisema.

Ndiyo, Baba. Mama mdogo Eliane anafundisha katekisimu chini ya hema sasa. Ni mkali kuliko wewe, na anaimba vizuri kuliko wewe, watoto wamekubali mambo yote mawili. Yule msichana aliyekuuliza swali lile ndiye anayemsaidia kuwapanga wadogo.

Nadège alikwenda kulala bila kukubali. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuuliza lori litaondoka saa ngapi.

Basi tunawatangazia ndugu, marafiki na wote walioonja wema wako: Misa itasomwa Jumamosi asubuhi katika chapelle, kanisa letu dogo la Kitemule. Paa liliungua, vijana wamepandisha mabati mapya, Ésaïe na Ramazani wakiwa juu ya boriti. Baba mdogo Gérard atatajwa, na yule mama mzee ambaye alirudi kumchukua, na kila jina tunalolijua la waliouawa pale. Tutaondoka pamoja na tutarudi pamoja kabla ya jioni.

Wanaokukumbuka: mke wako Anne-Marie, watoto wako Nadège, Josaphat na Ornella, mke wa ndugu yako Eliane na watoto wa marehemu Gérard, dada yako Hulda na familia yote ya Muyisa ya Lubero, wakwe zako wa Butembo, Léa na mtoto wake, ambaye sasa anatembea, wakristo wa Kitemule popote walipotawanyika, Ésaïe na vijana wa mtaa, na Ramazani, aliyeomba jina lake liandikwe pamoja na majina ya familia, nasi tukakubali.

Lala, Baba. Maadamu mmoja wetu anapumua utakumbukwa, na hatutamfundisha mtoto yeyote kuchukia ili akukumbuke. Jumamosi tunakwenda.